Thumuni ya Bi Sitara

Gerezani, Dar es Salaam
Jumapili, 4 Juni 1978

Mwalimu wangu Augustino,

Shikamoo. Nimefika mzima, ila kiuno nimekiacha njiani. Basi lilisubiri kivuko cha Rufiji mpaka abiria wakaanza kupika.

Semina inaanza kesho. Tuko wengi, walimu wapya kutoka kila mkoa, wote sisi wa UPE tuliokabidhiwa chaki vijijini tukiwa bado na harufu ya darasa la saba. Bweni limejaa, kwa hiyo kamati ya shule iliwaomba wazazi watupokee majumbani. Mimi nimepokewa na Bi Sitara, mjane wa hapa Gerezani. Marehemu mumewe, Bushiri, alikuwa kuli bandarini, alifariki mwaka jana. Wana binti mmoja, Zamda, yuko darasa la tano katika shule hiyohiyo ya semina, kule Kariakoo. Nyumba ina vyumba vinane. Shemeji yake, Mzee Mbaruku, anakaa upande wa mbele na ndiye anayeisimamia. Bi Sitara ana chumba kimoja tu, na kitanda cha chumba hicho amenipa mimi. Yeye na mtoto wanalala mkekani. Nimekataa, nikakataa tena, akaniambia mwalimu halali chini nyumbani kwake.

Asubuhi anapika vitumbua vya kuuza sokoni Kariakoo. Vya kwanza kutoka ni vyangu. Nitarudi huko sipiti mlangoni.

Mkufunzi wetu ni Ndugu Kasmir, mzee mwembamba asiyecheka. Amesema baadhi yetu tutafundisha somo la mfano mbele ya wenzetu, kwa watoto wa kweli. Naogopa, lakini nataka. Niandalie mawazo.

Mwanao,
Hyasinta


Shule ya Msingi Namkungwi, Masasi
9 Juni 1978

Ndugu Mwalimu Hyasinta,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mbele ya kamati ya shule, kisha nikaisoma upya kwa baba yako Pius, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anahangaika na mnyororo wa baiskeli. Kijiji kizima kinakutegemea. Hakuna mtu wa Namkungwi aliyewahi kuitwa semina Dar es Salaam, hata mimi mwenye miaka yangu yote katika kazi hii. Ukirudi utatufundisha sote.

Kuhusu somo la mfano, usijifiche nyuma. Simama. Chukua hesabu za sehemu, somo nililokufundisha kwa mkono wangu. Beba sarafu, ndizo zana bora za kufundishia. Shilingi ni kitu kizima, na thumuni, ile yenye sungura, ni nusu yake. Mtoto hasahau pesa.

Darasa likizubaa, liamshe. Anayejibu sawa apigiwe makofi, anayekosa azomewe. Wewe mwenyewe nilikuzomesha ulipokuwa darasa la tatu, na leo u mwalimu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Augustino
Mwalimu Mkuu


Gerezani, Dar es Salaam
Ijumaa, 16 Juni 1978

Mwalimu Augustino,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, kondakta wa basi la Masasi anaisubiri barua.

Somo la mfano nimelifundisha juzi, darasa la tano, hesabu za sehemu, kwa sarafu kama ulivyoniambia. Watoto walichangamka. Nilipomaliza walimu wenzangu walinipigia makofi.

Nitahama hapa kwa Bi Sitara. Mwenzangu mmoja, Severa, ana dada yake Mchafukoge, na kutoka kule ni karibu zaidi na shule.

Mwalimu, neno thumuni wewe ulilipata wapi?

Hyasinta


Shule ya Msingi Namkungwi, Masasi
21 Juni 1978

Ndugu Mwalimu Hyasinta,

Makofi! Nimeyatangaza kwenye gwaride la asubuhi, na watoto nao wakapiga ili yasikike mpaka huko uliko. Baba yako alikuwepo. Alivua kofia akaishika mkononi mpaka nilipomaliza kusoma. Katibu wa Chama kijijini ameahidi siku ya kurudi kwako walimu wa shule tatu za jirani waje wakusikilize. Tumekwisha kuwaalika.

Thumuni nililipata dukani kama kila mtu. Senti hamsini, nusu ya shilingi, ndiyo thumuni. Kwa nini unauliza jambo ambalo hata mtoto anayetumwa chumvi analijua?

Ila sijapenda kuhama kwako. Mama wa watu amekupa kitanda chake, halafu unasema karibu zaidi? Kutoka Gerezani mpaka shuleni ni mbali kiasi gani?

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Augustino


Gerezani
Jumapili, 25 Juni 1978

Kwa mwalimu wangu Hyasinta,

Salamu zangu na za Zamda. Usiucheke mwandiko, ndio huu nilioupata kisomo cha watu wazima. Nimempa Tatu, jirani yangu, akuletee kwa mkono.

Tangu uhame nyumba imepoa. Nilijiuliza kama nilikukosea kitu, labda chumvi, labda mkeka wetu ulikuwa karibu mno na kitanda. Kama nimekukosea nisamehe mwanangu.

Nina jambo zito. Siku ile uliyofundisha, Zamda alirudi kanyong'onyea. Baadaye akaniambia, mama, mwalimu amesema thumuni ni nusu. Nikamwambia ndiyo, hata dukani ni nusu. Akasema, basi mama umedhulumiwa.

Mwalimu, sikiliza. Bushiri alipofariki shekhe aligawa nyumba. Alisema mtoto apate nusu, mjane apate thumuni, kinachobaki ni cha ndugu wa marehemu, yaani shemeji Mbaruku. Mimi nilikuwa katika eda, kichwa hakiko pake, sikuuliza. Wakanipa chumba kimoja. Sasa kama thumuni ni nusu, nusu yangu na nusu ya Zamda ni nyumba nzima. Mbaruku anakaa mle kwa haki gani? Na kodi za wapangaji anazokusanya, anasema anamwekea mtoto, za nani?

Zamda kwa utoto wake alimwendea barazani mbele ya wenzake akamwambia, baba mkubwa, umemwibia mama. Mbaruku alitaka kumpiga. Mimi nikatoka, na mimi nikasema. Nilisema mengi, mtaa ulisimama kusikiliza. Sijawahi kumpazia sauti shemeji yangu tangu niolewe.

Ijumaa hii baada ya sala wazee watakaa kwa Mbaruku. Shekhe atakuwepo, lakini shekhe ni mtu wao, watasema lao. Mimi nataka mtu asiye wao, mwenye elimu. Njoo Mwalimu. Kaa upande wangu, waeleze kama ulivyoeleza darasani. Wewe watakusikia.

Vitumbua vyako nimempa Tatu pamoja na barua.

Mimi,
Sitara


Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumatatu, 26 Juni 1978

Mwalimu Augustino,

Shikamoo. Usiisome barua hii mbele ya mtu. Kaa peke yako.

Makofi niliyokuandikia yalikuwa ya kweli, kila anayemaliza somo hupigiwa. Sikukuandikia kilichotokea kabla na baada yake.

Niliinua ile sarafu ya sungura nikauliza neno thumuni maana yake nini. Zamda akanyoosha mkono, mtoto wa mama ninayelala kwenye kitanda chake. Akasema, "Sehemu moja ya nane." Nikacheka. Nikamuuliza shilingi moja ina thumuni nane? Darasa likacheka. Akasema, "Lakini Mwalimu, shekhe alisema." Nikamjibu, "Hapa hatufundishi ya shekhe, hapa ni hesabu." Kisha nikawaambia wenzake wamzomee. Walimzomea kwa raha, Mwalimu, watoto wa Kariakoo wana pumzi. Alibaki amesimama kwa sababu sikumwambia akae. Nilimsahau pale.

Watoto walipotoka, Ndugu Kasmir aliuliza nani ameona kosa. Mwalimu mmoja wa Tanga, Zahoro, akasema thumuni asili yake ni sehemu ya nane. Sarafu ilirithi jina tu, tangu zamani za pesa nyingine, ikabaki nalo hata ilipokuwa nusu ya shilingi. Katika mirathi ya Waislamu bado ni ya nane. Ndugu Kasmir akaniambia, "Umekosea mbele ya watoto, karekebishe mbele ya watoto. Sisi hapa hatukudai kitu." Siku ya pili akaniuliza kama nimekwenda. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimekwenda. Niliona aibu ya watoto wa darasa la tano.

Halafu kuna jambo baya kuliko hilo. Jioni ya siku ya somo tulikuwa tunakula, Bi Sitara, Zamda na mimi. Mtoto akaniuliza taratibu, "Mwalimu, kweli thumuni ni nusu?" Nilikuwa nimeshajua. Mama yake alikuwa ananitazama kwa fahari, kama vile mtoto kaniuliza ili anifurahishe mimi mgeni. Nikasema, "Kula Zamda, chakula kinapoa."

Hayo tu. Mtoto akala. Alijua mwalimu asiyekanusha amekubali.

Sasa wamemwita mzee wa watu mwizi mtaani, kwa maneno yangu. Bi Sitara ananiita Ijumaa nikakae upande wake. Kama sitakwenda, atagombana na wale wazee akiamini ninaye nyuma yake, na nyumba anayolala si yake peke yake, Mzee Mbaruku akichoka anaweza kudai sehemu yake iuzwe. Nikienda, nitamvunja mbele yao.

Naona haya mpaka mwilini. Siwezi kula vile vitumbua, nimempa Severa. Niambie la kufanya. Najua jibu lako huenda lisiwahi Ijumaa, lakini niambie.

Hyasinta


Shule ya Msingi Namkungwi, Masasi
29 Juni 1978

Mwanangu Hyasinta,

Nimeisoma peke yangu, ofisini, mlango umefungwa.

Kwanza nilikasirika. Nikatafuta kamusi ya shule, ile isiyo na jalada. Thumuni: sehemu moja ya nane. Kisha ndiyo inakuja sarafu. Nimelifundisha neno hili tangu kabla ya Azimio la Arusha. Sijui niwahesabu vipi wote niliowapa.

Sasa nisikilize kama baba. Usiende. Wale wazee wana shekhe wao na vitabu vyao, watamaliza wenyewe. Jambo la mirathi si letu, wewe ni Mkristo na mgeni. Ukisimama pale ukasema ulikosea, habari zitamfikia mkufunzi, atajua ulimdanganya, cheti cha semina utakikosa, na huku nimekwisha kuwaalika walimu wa shule tatu. Nitasema nini kwa Katibu? Nitasema nini kwa baba yako, ambaye sasa anaitwa Baba Mwalimu hata kilabuni?

Mwandikie mama huyo kwa heshima kwamba unaumwa. Maliza semina, urudi. Tutalirekebisha huku kimyakimya, wewe na mimi.

Barua yako nimeichoma. Hii nawe ichome.

Augustino


Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumanne, 4 Julai 1978

Mwalimu Augustino,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia Jumamosi. Nashukuru haikuwahi, kwa sababu ningekutii.

Ijumaa nilikwenda. Wazee walikuwa wameketi mkekani chumbani kwa Mzee Mbaruku, na Bi Sitara alikuwa ameniwekea kiti, cha kuazima kwa Tatu. Kiti kimoja tu chumba kizima. Alivaa khanga mpya. Akasema, "Mwalimu wangu huyu, semeni naye."

Sikuweza kukikalia. Nilisimama. Nikasema thumuni ya shekhe ni sehemu moja ya nane, na chumba kimoja katika vyumba vinane ndiyo haki yake Bi Sitara, hakuna aliyemdhulumu. Nikasema Zamda alijibu sawa darasani, mimi nikamzomesha. Nikasema nilielezwa kosa langu siku ileile.

Shekhe alitikisa kichwa kukubali. Mzee Mbaruku hakupaza sauti, na mimi nilitamani apaze. Akasema, "Sitara, umesikia. Sasa mtaa mzima unaniita mwizi, nani ataenda kuufundisha mtaa?"

Bi Sitara akanigeukia. Aliniuliza mimi. "Siku ileile? Yaani pale mtoto alipokuuliza, ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

"Na kesho yake asubuhi, ulipokula?"

Nikasema ndiyo.

Akajifunika uso kwa ile khanga akatoka uani. Nilimfuata mpaka mlangoni, Tatu akanizuia kwa mkono.

Jumatatu nilikwenda kwa Ndugu Kasmir kabla ya kengele, nikamwambia nilimdanganya. Akaniuliza kama nimekwenda darasani sasa. Nikasema bado. Akasema, "Basi unapoteza muda hapa." Nikaenda darasa la tano. Niliwaambia kwamba Zamda alisema kweli na mwalimu alikosea, na kwamba maneno niliyosema juu ya shekhe hayakuwa maneno ya mwalimu. Halafu mmoja wa nyuma akaanza, "Uuuu," na wote wakaingia. Mwalimu wao alitaka kuwanyamazisha, nikamwomba awaache. Ni marefu sana yale mazomeo, Mwalimu. Ukiwa unazomesha huoni urefu wake.

Nilimwomba Zamda aje ubaoni aandike thumuni. Akaandika moja juu ya nane, kubwa, akaweka chaki, akarudi kukaa bila kunitazama.

Cheti sijui kama nitapata. Neno la thumuni ulinifundisha wewe, wala sikulaumu, ulinifundisha ulichokijua. Kunyamaza mezani nilijifundisha mwenyewe. Lakini hao walimu wa shule tatu usiwazuie, waje. Watauliza semina imenifundisha nini, na mimi nitaanza na hili. Ukiniambia nisiseme, utakuwa umenipa amri ambayo siiwezi. Na kama utapenda kukaa mbele nami siku hiyo, nitafurahi, kwa sababu nitaogopa.

Barua yako sikuichoma. Nimeiweka, kwa kuwa ni ya kwanza uliyoniandikia bila kutia ujenzi wa Taifa.

Mwanao,
Hyasinta


Gerezani
20 Agosti 1978

Kwa Mwalimu Hyasinta,

Barua zako zote mbili zimefika. Ya kwanza sikuifungua mpaka ya pili ilipokuja. Zamda ndiye aliyenisomea, mimi nilikuwa napeta mchele.

Umesema ulisimama mbele ya walimu wengi huko kwenu, na mwalimu wako mzee akasimama kando yako akasema na lake. Vizuri. Wamefaidi.

Habari za huku ni hizi. Kabla ya mwezi mtukufu nilikwenda kwa shemeji Mbaruku. Nilipiga magoti barazani, palepale nilipomtukana, saa ambayo watu wapo, ili mtaa uone kama ulivyoona mwanzo. Akaniinua. Akasema amesamehe. Lakini akasema pia kwamba Zamda akimaliza darasa la saba nyumba itauzwa kila mtu achukue chake, kwa sababu moyo wake hautaki tena kukaa nyumba moja na mtu aliyemwita mwizi. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Kwa hiyo tuna chumba mpaka wakati huo, halafu Mungu anajua.

Zamda anakwenda shule. Wenzake walimbandika jina, Moja Juu ya Nane, wakimwita kutoka ng'ambo ya barabara. Sasa wamechoka. Anakuulizia. Ananiuliza utarudi lini, nami namwambia sijui.

Mwalimu, kukosa neno si kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa silijui, na ni neno la dini yangu. Hata kumzomesha mwanangu, ningemeza. Lakini nakumbuka ile jioni nilivyokutazama. Nilijisifu moyoni kwamba mtoto wangu anakula sahani moja na mwalimu wake. Na wewe ulikuwa umeinama unachambua samaki.

Mwezi huu watu wanasameheana. Mimi nimesamehewa, na kosa langu lilikuwa kubwa, lilikuwa la barabarani. Nimejaribu kukufanyia wewe hivyo. Kila nikifuturu najaribu. Sitaki kukuandikia uongo, umetosha uliokwisha pita.

Ukija Dar es Salaam, njoo umwone Zamda. Usilale kwa watu, kitanda kipo.

Mimi bado sijaweza.

Sitara